Hannibal, Fabius au Scipio: Umfuate Nani Mshindani Mkubwa Akifungua Mbele Yako?

Mshindani mwenye mtaji mara kumi ya wako akifungua ng'ambo ya barabara, ushauri utakaomiminiwa ni wa aina tatu. Wapo watakaokwambia umpige mapema, ushushe bei kabla hajaota mizizi. Wapo watakaokwambia utulie, hiyo ni nguvu ya soda. Na wachache watakwambia umwache hapo alipo, uende ukamnyang'anye kule asikoangalia. Mimi niliupata wote katika wiki moja, pale duka letu la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro lilipopata jirani mwenye ghala kubwa na malori yake mwenyewe. Kila aliyenishauri alikuwa na hakika, na kila mmoja alimjua mtu aliyefanikiwa kwa njia hiyo.

Njia hizo zina zaidi ya miaka 2,200. Katika vita vya pili kati ya Roma na Karthago, kuanzia 218 hadi 201 KK, kila moja ilikuwa na jemadari wake. Hannibal Barca wa Karthago, mji uliokuwa pwani ya Tunisia ya leo, alipiga mapigo ya ghafla. Quintus Fabius Maximus wa Roma alikataa kupigana. Publius Cornelius Scipio, Mroma kijana, alimwacha adui ndani ya Italia akaenda kushambulia kwao. Nawaweka bega kwa bega kwa sababu vita vyao ni vimoja na silaha zao zinakaribiana, kwa hiyo tofauti ya matokeo huonekana wazi imetoka kwenye uamuzi.

Ninachoshikilia, baada ya kuvirudia vita hivi mara nyingi kwa sababu ya duka, ni kwamba watu huchagua jemadari kwa tabia zao. Mwenye moto humpenda Hannibal, mpole humpenda Fabius, anayejiona mjanja humpenda Scipio. Tabia ni kipimo kibaya. Pima pengo: ukipoteza mzigo, wateja au faida ya miezi sita, utaziba kwa nini, na mwenzako ataziba kwa nini?

Hannibal: pigo, na mzigo wa kushinda

Alitoka Hispania mwaka 218 KK, akavuka milima ya Alpi, akateremkia Italia akiwa amebakiwa na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000. Hesabu hiyo Hannibal mwenyewe aliichongesha kwenye bamba la shaba, na mwanahistoria Polybius akaisoma. Mbele yake ilikuwapo Roma ambayo, pamoja na washirika wake, iliweza kuita zaidi ya watu 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Hesabu hii nayo ni ya Polybius. Mtu mwenye watu 26,000 hawezi kuwamaliza watu 770,000 kwa upanga, na Hannibal alilijua hilo kuliko sisi.

Alichokilenga ni washirika. Nguvu ya Roma ilitoka kwenye miji ya Italia iliyofungamana nayo na kuipa askari kila mwaka. Kwa hiyo kila aliposhinda, Hannibal aliwashikilia mateka wa Kiroma, lakini wale wa miji mingine aliwaachia bila fidia, warudi makwao wakaseme kwamba hakuja kupigana nao. Kwa lugha ya sokoni, alikuwa akimpiga mkubwa kwenye mawakala na wasambazaji wake. Mpango huo naupenda hadi leo.

Na ushindi aliupata. Alishinda Trebia mwaka 218. Mwaka uliofuata alimvizia Flaminius, mmoja wa makonsuli, yaani watawala wawili wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, kwenye ukungu wa Ziwa Trasimene, akamuua pamoja na Waroma wapatao 15,000. Kisha ikaja Cannae, tarehe 2 Agosti 216 KK. Waroma walileta askari wa miguu wapatao 80,000 dhidi ya 40,000 wa Hannibal, ila kwa farasi yeye ndiye aliyewazidi, akiwa nao 10,000. Aliwapanga Wagali na Wahispania katikati wakichomoza mbele kama upinde, wakaanza kurudi nyuma polepole. Waroma wakasukuma wakidhani wanashinda, wakazidi kuingia, na askari wa Kiafrika waliosimama pembeni wakageuka wakawabana. Farasi wakaufunga mlango wa nyuma. Livy, mwanahistoria wa Kiroma, anahesabu waliokufa upande wa Roma siku hiyo kuwa 48,200, na Polybius anawafikisha 70,000.

Baada ya Cannae, Capua, mmoja wa miji mikubwa kabisa ya Italia, ukahamia kwake. Hapo ndipo ningependa mfanyabiashara asome taratibu, kwa kuwa matatizo ya Hannibal yalianza siku alipopata alichokuwa akikitafuta. Mji uliohama ulihitaji ulinzi, na jeshi lake lilikuwa moja. Akienda kuulinda mji huu, Waroma wanauzingira ule. Walipoizingira Capua, mwaka 211 alijaribu kuwavuta kwa kuandamana mpaka karibu na kuta za Roma yenyewe. Hawakubanduka. Capua ikaanguka, viongozi wake wakauawa, na kila mji uliokuwa ukifikiria kuhama ukaona yaliyompata aliyehama.

Mwenye duka dogo anayemwacha msambazaji wake wa miaka mingi ili achukue bidhaa yako amekuwa Capua yako. Yaliyotupata sisi yalikuwa kwenye rangi za nyumba. Kiwanda kipya kilikuja na bei nzuri na fulana za mafundi, mafundi wakahama, na sisi wauzaji tukahama nyuma yao. Miezi miwili baadaye mzigo ukakatika. Tulirudi kwa msambazaji wetu wa zamani tukiwa na aibu na fedha taslimu mkononi, maana mali kauli alikuwa ameshatufutia. Tangu hapo, kampuni mpya ikija dukani swali langu la kwanza ni mzigo wa mwezi wa tatu utatoka wapi, na bei nauliza baadaye.

Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, ilipita njia ya jirani na hiyo. Ilikua haraka hadi matawi zaidi ya 60, ikavuka kwenda Uganda, Rwanda na Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite. Kila tawi jipya lilihitaji kulishwa. Kufikia 2017 rafu zilikuwa zinabaki wazi kwa sababu wasambazaji walikuwa wanadai, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe.

Fabius: subira yenye jasho

Fabius alipewa udikteta mwaka 217 KK, mara baada ya Trasimene. Wakati huo udikteta ulikuwa wadhifa wa kisheria wa miezi sita, kwa ajili ya dharura. Aliona mambo mawili. Farasi wa Hannibal walikuwa bora, kwa hiyo kwenye uwanda Mroma hana chake. Na Hannibal hakuwa na ghala, kila siku ilimlazimu kutuma watu watafute nafaka na malisho. Basi Fabius akakaa vilimani, akimfuata adui kwa mbali na kuwapiga wale tu waliochomoka kutafuta chakula. Wakulima waliokuwa kwenye njia ya adui aliwaamuru wahamie kwenye miji yenye kuta, na mazao wayateketeze.

Waroma walimchukia kwa hilo. Walimpachika jina la Cunctator, yaani mcheleweshaji, na wengine wakamfananisha na mtumwa anayemfuata mtoto wa bwana wake shuleni. Hannibal, kwa werevu wake, alichoma mashamba ya watu wote akaliacha la Fabius, ili watu wamshuku. Naibu wake Minucius akapewa na wananchi mamlaka sawa na yake, akashuka kupigana, akategwa. Fabius akateremka akamwokoa, na Minucius akamwita baba mbele ya majeshi yote mawili.

Nayo subira ina siku zake za aibu. Fabius alidhani amemfungia Hannibal kwenye bonde la Falerno. Usiku Hannibal akafunga vijinga vya moto kwenye pembe za ng'ombe wapatao 2,000, akawaswaga juu ya mlima, walinzi wa njia wakaufuata moto, na jeshi lake likapita.

Anayekaa dukani akipepea nzi na kusema anasubiri, hamfuati Fabius. Fabius alifanya kazi kila siku: alihesabu chakula cha adui, alilinda kilichokuwa chake, aliwapiga waliojitenga. Dukani kazi hiyo ni kukusanya madeni, kupunguza bidhaa zinazokaa, na kupigia simu wateja 20 wanaokulisha kabla jirani hajawapigia. Haina mvuto na haimsisimui mfanyakazi. Wafanyakazi wako watakuwa akina Minucius, wakiona mwenzao ng'ambo anapiga muziki na kugawa kofia.

Swali la pengo ndilo linaloamua hapa. Baada ya Cannae, Roma ilinunua watumwa 8,000 ikawapa silaha, na ndani ya miaka michache ilikuwa na legioni, yaani vikosi vyake vikubwa, zaidi ya 20 vitani. Hannibal alikaa Italia miaka 15 akipata nyongeza kidogo sana. Ndugu yake Hasdrubal alipomletea jeshi kutoka Hispania, aliuawa kwenye mto Metaurus mwaka 207 kabla hawajakutana. Subira ilimfaa Fabius kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hazina ya watu. Ndiyo maana huniuma kusikia mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya pango kwa mkopo akiambiwa awe mvumilivu. Kila mwezi wa kusubiri, shamba linaloungua ni lake. Kati yako na mkubwa aliyekuja, mara nyingi Fabius ni yeye.

Kenya ilituonyesha hilo mwaka 2010. Bharti Airtel ya India ilikuwa imenunua biashara ya Zain barani Afrika, na mwezi Agosti mwaka huo gharama ya kupiga simu kwa Zain Kenya ikashushwa hadi shilingi 3 kwa dakika, kwenda mtandao wowote. Lilikuwa pigo la Kihannibal, na wananchi walilifurahia. Safaricom nayo ilipunguza bei, lakini haikuweka roho yake kwenye bei. Ilikuwa na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, na mawakala wake mpaka vijijini. Watu wengi walinunua laini ya pili ya kupigia simu na ile ya kwanza wakabaki nayo, kwa sababu mama kijijini alikuwa anapokea fedha huko. Kama ile miji ya Kilatini kuzunguka Roma, ambayo mingi haikuhama hata baada ya Cannae, mawakala na familia zao hawakuwa na sababu ya kuhama. Mwaka 2014 mtandao wa yu ndio uliofunga virago, wateja wake wakaenda Airtel, minara na vifaa vikaenda Safaricom. Aliyekuwa mkubwa amebaki mkubwa.

Ukiwapanga pamoja

Hannibal alikuwa na watu bora na mpango bora, akakosa njia ya kuleta mzigo. Fabius alikuwa na mzigo usiokwisha na watu wasioweza kushinda kwenye uwanda. Kila mmoja alichagua vita ambavyo mfuko wake uliweza kuvilipia, na kwa kipimo hicho wote wawili walikuwa sahihi.

Aliyekosea ni Varro. Huyu alikuwa konsuli mwaka 216 pamoja na Aemilius Paullus, wakiamuru jeshi kwa zamu, siku moja moja. Zamu yake ilipofika aliliteremsha jeshi lote uwandani, pale pale farasi wa Hannibal walipopataka. Kosa hilo nimelifanya kwa wiki tano. Nilishusha saruji shilingi 500 kwa mfuko, jirani akashusha 700. Yeye alikuwa anabeba kiwandani kwa malori yake, mimi nanunua kwa muuzaji wa jumla pale pale mjini na kulipia ubebaji. Bei ilikuwa uwanda wake. Kila mfuko niliouza ulinitoa damu, na mafundi walipita kwangu kuuliza bei ili wakamkandamize yeye.

Scipio: kupiga asipoangalia

Alipewa jeshi la Hispania mwaka 210 KK akiwa na miaka kama 25. Karthago ilikuwa na majeshi matatu huko, na akili ya kawaida ingemtuma achague moja apigane nalo. Yeye aliuliza yako wapi. Akaambiwa yametawanyika, na hakuna lililo karibu na Karthago Mpya, makao yao makuu Hispania, kwa chini ya mwendo wa siku kumi. Basi mwaka 209 akaenda huko huko. Wavuvi walikuwa wamemwambia kwamba ziwa dogo la pwani lililo upande mmoja wa mji ni la maji kidogo na hupungua jioni. Wakati walinzi wamekusanyika kwenye lango kuu, watu wake walitembea majini wakapanda ukuta usio na mtu.

Ndani alikuta ghala, fedha, silaha, na mateka wa koo za Kihispania ambao Karthago iliwashikilia ili wazee wao wasiasi. Aliwarudisha makwao kwa heshima. Huo ndio mpango wa Hannibal wa kuchukua washirika, ila Scipio alikuwa na meli na njia ya kuwalinda waliomfuata.

Aliporudi Roma na kutaka kuvuka kwenda Afrika, mpinzani wake mkubwa kwenye Seneti, mwaka 205, alikuwa Fabius. Mzee alitaka Hannibal amalizwe kwanza Italia. Naelewa hofu yake, lakini naamini hapo alikuwa amegeuza dawa ya mwaka 217 kuwa imani. Scipio alipewa Sicily na ruhusa ya kuvuka, bila jeshi jipya la maana. Akachukua watu wa kujitolea, na akawachukua manusura wa Cannae, waliokuwa wamefukuziwa Sicily kama adhabu ya kushindwa. Hakuna Waroma wengine waliomjua Hannibal kwa machungu kama wale. Nikisoma sehemu hii huwakumbuka wauzaji wanaofukuzwa baada ya mwaka mbaya, wakaondoka na ujuzi wote wa jinsi ulivyopigwa.

Alitua Afrika mwaka 204. Mwaka uliofuata Karthago ikamwita Hannibal arudi, akaondoka Italia bila kung'olewa na mtu. Walikutana Zama mwaka 202. Hannibal alikuwa na tembo wapatao 80. Scipio akaacha vichochoro katikati ya vikosi vyake, tembo wakapita humo. Farasi wa Masinissa wa Numidia, taifa ambalo kwa miaka mingi lilimpa Hannibal wapanda farasi wake, sasa walikuwa upande wa Roma, wakampiga mgongoni. Fabius alifariki mwaka 203, hakuiona siku hiyo.

Uchaguzi

Kama una kitu ambacho mkubwa hajawahi kukiona na una mzigo wa kuwatosha watakaohamia kwako, piga kama Hannibal, tena kwa kishindo. Hesabu Capua zako kabla hujazipata: maduka mangapi unaweza kuyalisha miezi sita bila kukatika? Kama ni 30, usisaini 31.

Kama wewe ndiye mkubwa, au una nyumba yako, huna deni, na wateja waliokuzoea, Fabius anakutosha, na itakubidi uvumilie kuitwa mwoga. Usishuke uwandani kwa sababu wafanyakazi wanaona haya.

Kwa wengi wetu waliobaki, wenye mtaji mdogo na bila muda, namchagua Scipio. Yeye hahitaji hazina wala kipaji cha Cannae. Anahitaji kujua mwenzako anapata wapi nguvu na hayupo wapi, na habari hizo wanazo wavuvi: dereva, fundi, kibarua wa kupakia. Gharama yake ni kwamba ukienda mbali, nyumbani lazima pawe na mtu anayefanya kazi ya Fabius. Roma ilishinda Zama kwa sababu watu wengine walikuwa wameshikilia Italia miaka yote ile.

Na jambo moja halimo kwa jemadari yeyote kati ya hawa. Baadhi ya wauzaji, wakichoshwa na vita vya bei, hukaa chini wakapanga bei kwa pamoja. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inalikataza hilo, na ni haki likatazwe, kwa kuwa anayelipa ni mjenzi wa vyumba viwili anayenunua saruji mifuko minne minne.

Mjenzi huyo ndiye aliyetuokoa. Kibarua mmoja alituambia kwamba jirani hapeleki mzigo pungufu ya lori zima, na kule Mkundi na Kihonda viwanja vipya vilikuwa vinajengwa na watu wa mifuko minne. Tulirudisha bei ya saruji ilipokuwa, tukanunua toyo moja, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, tukaanza kupeleka mpaka kiwanjani mifuko minne, nondo sita, kilo mbili za misumari. Dukani alibaki mke wangu akikusanya madeni. Jirani bado yupo ng'ambo ya barabara na saruji yake bado ni nafuu kuliko yetu. Mafundi wa Mkundi wanapiga simu kabla ya saa moja asubuhi, na toyo ya pili tuliinunua kabla ya masika.